Wivu Wangu kwa Bi Asumini

Mwanangu Raya,

Tangu uhamie mjini Chake kwa shangazi yako kusoma, nyumba hii ya Ole imekuwa kubwa mno. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu najua nitajibiwa "sawa mama", basi.

Unakumbuka msimu wa karafuu, baada ya alasiri, sote tumekaa mkekani tunachambua? Wewe peke yako ulisamehewa kazi ili utusomee kitabu. Nami, ualimu umenikaa hadi nyumbani, kila ukurasa nakusimamisha: funzo lake nini? Siku moja ukakifunga kitabu. "Weye mama kila kitu wakifanya mtihani." Nikajisemea, huyu hapendi kusoma.

Idi iliyopita ulikuja, ukakaa barazani na simu, unasoma na kucheka peke yako mpaka chai ikapoa. Hadithi ya mtandaoni, inatoka vipande vipande, na vijana wenzio wanabishana juu ya kila kipande. Niliona wivu, Raya, sikufichi. Mwandishi hata sura yake huijui, naye amekupata bila kukubembeleza. Mimi niliyekufundisha herufi nimebaki na vikombe vya kuosha.

Ulipoondoka nikafanya jambo la aibu. Nilimwomba binamu yako aniingize kwenye kundi la hadithi ile, nikajiita Bi Asumini. Nilikusudia kumkosoa mwandishi tu. Nikaandika kwamba yule bwana harusi wa hadithi yake ni mwongo. Ukanijibu wewe, mistari kumi, ukimtetea. Nikabisha, ukabisha. Sasa kila kipande kikitoka unauliza mbele ya wote: "Bi Asumini yuko wapi? Nataka kusikia yeye asemaje." Hapo ndipo nilipojua kinachokuvuta. Kuna mtu anayetaka kujua wewe waonaje, wala hakupi maksi.

Ningepaswa kufurahi. Badala yake namwonea kijicho mwanamke niliyemzua mwenyewe. Yeye anapata mistari kumi, mimi "sawa mama".

Juzi ulimwandikia Bi Asumini pembeni, nje ya kundi, kwamba mama yako hakusikilizi, ungetamani awe kama yeye. Ukamwuliza kama naye ana mtoto. Jibu la Bi Asumini nakuandikia hapa, kwa kalamu.

Ninaye mmoja, Raya. Ni wewe. Nikasirikie utakavyo, lakini nijibu kwa mistari mingi.

Nakuombea heri huko uliko,

Mama yako