Tochi ya Cherehani na Baruti ya Nne

Bulla Pesa, Jumatano, Novemba 1983

Mawingu tangu asubuhi, jua halikutokea hata dakika moja. Mbavu za kushoto zinauma nikivuta pumzi. Leo nimempiga nyapara wetu mpaka akaanguka, na sijutii vya kutosha.

Tunachimba kisima huko Leparua. Tumefika kwenye mwamba, kwa hiyo tunatumia baruti. Kila mchimbaji akisikia mlipuko anainua kidole, na vidole hulinganishwa kabla mtu hajashuka, isije ikabaki baruti isiyolipuka. Jana tuliwasha tambi nne za baruti. Mimi niliinua vidole vitatu. Ekai, Mturkana anayenishikia kamba, aliinua vitatu. Nyapara akainua vinne, akamkazia Ekai macho.

Ekai akaongeza kimoja.

Siku za jua Ekai hushika kioo juu ya shimo, akinirushia mwanga hadi chini. Leo kioo hakikuwa na kazi. Taa ya mafuta hairuhusiwi karibu na baruti, na betri hakuna dukani tangu mvua ikate barabara. Lakini nilikuwa na tochi yangu. Dainamo ya baiskeli iliyotupwa, gurudumu la cherehani la kuizungushia, waya wa redio iliyokufa na balbu kuukuu, vyote nimevifunga kwenye ubao. Wiki mbili nilihangaika, nikaungua vidole nikiunga waya kwa msumari wa moto. Darasa la tano sikumaliza, lakini inawaka.

"Fundi redio," Ekai alicheka akinishusha, "hiyo kitu yako inalia kama mbuzi ya kuchinja."

Nilizungusha. Mwanga ukatetemeka juu ya kokoto, nikaona tundu la nne tulilotia baruti. Halikupasuka. Utambi ulizimika njiani.

Nikapiga kelele nivutwe. Nyapara akasema huo ni utambi uliokwisha kuungua, nirudi chini na sururu, bwana wa maji anakuja Ijumaa kupima kina. Nikakataa.

"Nyinyi watu wa Kakamega ni wanawake," akasema, na mpini wa sururu ukanipata mbavuni.

Ubao wa tochi ulikuwa mkononi. Nilimpiga nao mdomoni. Alipoanguka nikampiga tena, na tena, na wakati huo alikuwa ameshafunika uso. Hilo ndilo linalonisumbua. Pigo la kwanza lilikuwa la mbavu zangu. Yale mengine niliyafurahia.

Ekai ndiye aliyenivuta kutoka juu yake.

Nyapara alitema damu, akasema nikionekana tena pale atanipasua kichwa. Kisha akamgeukia Ekai: kesho utashuka wewe na sururu.

"Sawa, mzee," Ekai akajibu. Hakunitazama.

Sasa nimeketi mlangoni kwa chumba changu, nanyoosha gurudumu lililopinda. Balbu haikuvunjika. Jino la nyapara lilikuwa limekwama kwenye ubao, nimeling'oa kwa koleo. Mke wangu angeiona mikono hii leo, angeiogopa.

Nikirudi Leparua, nitaumizwa. Nisiporudi, Ekai atapiga sururu gizani, juu ya baruti ambayo mimi pekee nimeiona.

Alfajiri nitatembea huko na tochi yangu. Sitaongea na nyapara. Nitamwomba Ekai ainue tena vidole vyake vya jana, vile vitatu vya kwanza.