Aliyehesabu Maji ya Majengo

Jumanne, 3 Septemba 1996

Ripoti imefika. Daktari Marcella ameileta mwenyewe kutoka Nairobi, nakala moja yangu, moja ya Luul wa mlango wa pili. Kurasa 48, jalada la kuteleza. Nimeisoma jikoni, kamusi pembeni, mpaka maharagwe yakaungua.

Ukurasa wa pili wanasema watafiti walibuni njia mpya ya kujua idadi ya wateja, kwa kuhesabu maji yanayopashwa moto.

Walibuni!

Mwezi wa tatu walikuja na fomu zao. Wakauliza wanawake 61 wa Majengo: kwa wiki una wateja wangapi? Wote wakajibu watatu, wanne, watatu. Hakuna aliyedanganya. Hapa kwetu mteja ni yule asiyejulikana, anayekuja mara ya kwanza. Akirudi ni mgeni. Akizoea mpaka taulo yake ina msumari wake ukutani, huyo ni mtu wa nyumba – nani anamhesabu mtu wa nyumba? Basi fomu zikaandikwa watatu, na hospitali ikawa inatuletea kondomu 800 kwa mwezi. Siku ya tisa sanduku lina hewa tupu.

Ni mimi niliyemwambia Daktari aache kuuliza watu, aulize maji. Kila mwanamume akiingia anawekewa beseni la maji moto. Ni heshima ya huku, tuliikuta. Mtungi wa lita ishirini ni mabeseni manne. Ondoa maji ya kupika na kufua, yanayobaki gawanya. Nikapita milango 61, asubuhi na jioni, siku 14, mvua ikininyeshea. Tukapata wanaume kumi na mmoja kwa wiki. Kumi na mmoja, si watatu! Kwa mwezi ni kondomu 2,684, wala sijaweka za kupasuka.

Nyuma kuna shukrani. Chifu. Hospitali. Dereva – dereva ana jina! Mimi niko ndani ya "washiriki wote". Kwenye fomu zao mimi ni 017.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimemfuata Daktari hotelini kwake kabla hajaondoka. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakaisha yote mlangoni. Nikamwekea ripoti mezani, kidole kwenye "walibuni".

Hakukasirika. Akasema majina yamefichwa ili tusidhurike, ndiyo sheria ya utafiti, kuna kamati. Nikamwambia siri ni ya aliyejibu maswali. Mimi sikujibu tu, nilifanya kazi.

"Kama dereva hakuhitaji kufichwa, Daktari, mimi mnanificha kwa faida ya nani?"

Akazungusha kijiko kwenye kikombe kisicho na sukari. Mwishowe akasema ripoti itachapwa upya kabla ya mkutano wa Embu, tarehe 16 Oktoba, mbele ya wakubwa wa afya wa mkoa. Anaweza kuniweka kwenye jalada, jina la nne, miongoni mwa walioandika. Lakini nitie sahihi mwenyewe, mwisho tarehe 30. Nichague: jina langu la kitambulisho, jina la kazi, au nibaki namba. Akakataa nijibu leo, akanipa fomu niende nayo.

Nilirudi nikitembea kama niliyeshinda kesi. Nimeandika hapa mara nne nione linavyokaa: Nelius Karimi. Nelius Karimi. Nelius Karimi. Nelius Karimi.

Jumapili, 8 Septemba

Nimemwambia Luul. Alikuwa anachagua mchele. Mikono ikasimama.

Miaka kumi tunakaa ploti moja ya Shueib, ukuta mmoja, choo kimoja. Kwanza alinicheka, akaniita Profesa wa Beseni, akauliza kama nitavaa ile kofia yenye kamba. Halafu kicheko kikaisha. Akasema kwao hakuna anayejua kazi yake. Nyanya yake anaswali msikiti uleule na Shueib.

"Wakijua Nelius ni nani na anakaa wapi, mama, mlango unaofuata watasema ni wa nani? Wa mshonaji?"

Hilo sikulipigia hesabu. Milango 61 nimeihesabu yote, na huu mmoja ulio karibu nikausahau.

Jumatano, 11 Septemba

Luul hanisemeshi. Mtungi wangu umejaa, wake umejaa, tunapishana tu uani. Nilimsalimia, akasalimia jiko.

Jumapili, 15 Septemba

Nimetoka Kanyakine kwa mama. Yeye anajua nauza nguo za mitumba soko la Gakoromone. Si uongo – Jumanne na Ijumaa nauza kweli. Siku zingine hajauliza.

Kanisani kulikuwa na mchango wa mabati. Mzee wa kanisa akasoma majina kwa sauti, akafika kwangu: Nelius Karimi, mfanyabiashara wa Meru. Makofi. Mama akanyoosha shingo watu wamwone. Jina lilelile. Litasomwa hivyohivyo Embu, makofi yakiwepo au yasiwepo.

Wakati wa chai mama akatoa barua ya Kathuri. Ndugu yangu amehamishwa Embu, ofisi ya afya ya mkoa. Upande wa vifaa! Mama anafurahi, anasema sasa yuko karibu. Mimi ndiye niliyemsomesha Kathuri, kidato cha kwanza mpaka chuo cha afya. Mimi niliishia darasa la saba ili zamu iwe yake. Hajui ada ilitoka wapi. Anajua mitumba.

Viazi vitamu vilinikaa kooni. Mama akadhani ni vikavu, akaniongezea chai.

Jumatano, 18 Septemba

Nimeamka saa tisa usiku, nikaketi kitandani na kupiga hesabu ya majina.

Namba 017: salama. Lakini namba haisimami mkutanoni kutetea namba nyingine.

Sabina, jina la kazi: baa zote kutoka hapa hadi Timau zinamjua Sabina. Hakuna atakayeamini Sabina aliwahi kushika penseli.

Nelius: mama. Kathuri. Luul. Kanisa.

Kila njia naikuta na ubaya wake. Nimekunywa maji vikombe vitatu.

Ijumaa, 27 Septemba

Daktari amepiga simu dukani kwa Shueib, nikaitwa mbio. Mambo Embu si mazuri. Wamepata ripoti ya kwanza, na ofisi ya vifaa imeandika barua. Wanasema ile kumi na moja haiaminiki. Kwamba wanawake wa aina hiyo huongeza idadi ili wapewe vitu wakauze. Wanataka turudi kwa tatu, mpaka aletwe mtu aliyehesabu kwa macho yake, aulizwe maswali. Daktari mwenyewe hakufika milangoni. Wasaidizi wake walikuja siku mbili kati ya zile 14. Niliyebaki ni mimi.

Nikauliza barua imetiwa sahihi na nani. Akasoma polepole, maana mwandiko ni mbaya.

Ulikuwa mbaya tangu darasa la pili. Mimi ndiye niliyekuwa namshika ndugu yangu mkono kumfundisha.

Sikumwambia Daktari kitu. Shueib alikuwa anapima sukari, masikio yote kwangu.

Jumapili, 29 Septemba

Luul ameingia bila hodi, amekaa kitandani kwangu. Amesikia habari ya barua kwa Shueib – ploti hii haina siri ila zile kubwa. Akauliza kama ni kweli tutarudi kwa kondomu 800. Nikasema ni kweli.

Akakunjakunja pembe ya shuka. Mwaka jana tulizika wawili wa ploti hii, na hakuna aliyetaja ugonjwa. Halafu akasema niende. Ila nisitaje Majengo, nisitaje Shueib. Niandikwe Nelius Karimi, Meru, basi. Meru ni kubwa.

"Na ukifika huko usitetemeke. Ukitetemeka watasema tuliiba."

Nikamuuliza kama hanichukii. Akasema ananichukia kidogo, lakini niache kulia juu ya shuka yake – ni kweli, ni yake, niliazima.

Jumatatu, 30 Septemba

Nimetia sahihi ile fomu. Jina la kitambulisho. Pahali: Meru. Sahihi imekaa kama ya mtu mwingine. Nimeituma kwa posta, rejista.

Nikatoka posta nikarudi tena dirishani. Nikamuuliza karani kama barua inaweza kurudishwa. Akaniambia gunia limeshafungwa.

Jumanne, 15 Oktoba

Embu. Nimelala lojingi karibu na stendi. Nina lile daftari la kuhesabia, kurasa 28, milango yote, tarehe zote. Nimejiuliza maswali yote ninayoyajua na kuyajibu mbele ya kioo. Lita ngapi beseni? Tano. Na aliyeoga yeye mwenyewe? Nimemwondoa. Na siku ambayo maji ya mfereji yalikatika? Nimeiweka kando, imeandikwa.

Swali moja sijalijibu: wewe uliyehesabu ni nani? Naliruka kila mara.

Rinda la kijivu. Skafu. Hereni nimevua, nikavaa, nikavua.

Jumatano, 16 Oktoba. Ukumbini

Naandika haraka, wametoka kunywa chai wanarudi.

Asubuhi nilichelewa kuingia kwa woga, nikasimama barazani. Daktari alinipungia mkono kutoka mbele, kuna kiti changu chenye kadi ya jina. Kabla sijapiga hatua nikashikwa bega.

Kathuri. Amenenepa. Koti, tai, rundo la ripoti mpya kwapani bado zimefungwa kwa uzi. Alifurahi – wallahi alifurahi! Akaniuliza kama mama ndiye aliyeniambia yuko hapa, na kama nimekuja kumtafuta. Mdomo wangu ukasema ndiyo. Akaniletea chai yeye mwenyewe, na mandazi mawili, akijua sili moja tu. Akawaambia wenzake: huyu ni dada yangu, msiniulize nilisomaje, aliyenisomesha ni huyu. Wakanipa mkono wote. Mmoja akaniita mama.

Halafu akanivuta kando akaniambia nisiboeke, nikae kiti cha nyuma, hii shughuli ni fupi. Kuna watu wa Nairobi wameletewa hesabu na malaya wa Meru, wakaiamini. Mabeseni ya maji! Alicheka. Akasema atawauliza swali moja tu, watakosa la kusema, kisha tutaenda kula nyama.

Sikucheka. Nilimuuliza kama ameiona hiyo hesabu yenyewe, ukurasa kwa ukurasa. Akasema hahitaji, dada. Anawajua watu wa aina hiyo.

Nikamwambia, "Ungeisoma kwanza, Kathuri."

Akaniangalia kidogo. Halafu wakamwita.

Sasa niko kiti cha nyuma alichonipa. Kiti cha mbele kiko tupu, kadi inaonekana mpaka huku. Daktari anageuka kunitafuta, amegeuka mara tatu. Ripoti zimefunguliwa uzi, zinapitishwa safu kwa safu. Ya kwanza imemfikia mwenyekiti, ya pili anayo Kathuri lakini hajaitazama, ameiweka kwenye magoti. Ameshika karatasi yake ya swali.

Nimehesabu viti: 74 vyenye watu, kimoja kitupu.

Amesimama. Anashukuru mwenyekiti. Sauti yake nzuri – mtu aliyesoma. Anasema hana neno refu. Anasema hesabu bila mwenye hesabu ni hadithi tu. Anasema kama yuko humu ndani, aliyehesabu na asimame.

Daftari hili naliweka kitini, lile la hesabu nalishika, nasimama.