Kule Wanarudisha Saa

Papa Paluku,

Ni miye, Innocent, konvoyeri wako, ule wa kukusaidia safarini. Usukani wa kamyo iko mikononi mwangu sasa. Patroni, mwenye kamyo, alinipa baada ya kukuzika. Mama Masika, muke wako, akanipa redio yako ndogo, juu alikuwa analia kila mara akiisikia.

Mashindano ilianza tena, papa, ile ya watu wanaozunguka dunia peke yao mu mashua ya upepo, bila kushuka popote. Niliisikiliza nikiwa nimekwama mbele ya Walikale, potopoto ya matope mpaka kwa milango. Zamani nilikuwa nakuchekelea, weye muntu wa Butembo asiyejua hata kuogelea. Ukanieleza vile yote ilianza: kadhaa waliondoka, mumoja tu njo alifika. Mwingine alikuwa karibu kushinda, akageuza, akaendelea zake kwa bahari ingine, hapo unacheka. Na ule aliyedanganya kwa redio kama ameshafika mbali, kumbe hapana, mashua yake wakaikuta bila muntu. Hapo unapunguza sauti.

Uliyemupenda ni ule aliyerudi nyuma mu zoruba kutafuta mwenzake ambaye mashua yake ilipinduka. Akamupata muzima, na waamuzi wakamurudishia muda aliopoteza. "Unaona, Innocent? Kule wanarudisha saa. Huku tunalipana na fufu." Sababu kwetu, anayekwama anapikia fufu wote waliomuvuta, na shofere hapiti mwenzake bila kushuka.

Ilikuwa hivyo, papa. Sasa wanapita. Weye ulikwama kwa ule mulima nyuma ya Masisi, na homa, peke yako, wakati miye nilibakia hospitali Mweso na mutoto wangu. Kamyo zikapita. Wanasema waliogopa, walifikiri ni mutego wa watu wa bunduki. Naelewa. Lakini nawachukia, papa, nawachukia sana.

Jana patroni alisema wazi: anayeshuka kusaidia kamyo ya wengine aache ufunguo mezani. Na miye niko na batoto. Kesho naenda Walikale. Kuna kamyo imekwama pale pale ulipokufia, na shofere wake ni Kasereka, ule aliyekupita wa kwanza.

Sikulala. Nimefikiri yote.

Pumzika, papa yangu. Nitashuka, nitafunga kamba, nitamuvuta. Hiyo nakuahidi. Lakini usiniombe nimusalimie.

Innocent