Kikombe Nilichokuachia Mezani

Baba Ziada,

Nimewahi treni, leo nina zamu. Uji upashe moto. Ziada asitoke bila soksi jozi mbili. ~~Mwambie viatu vyake vya theluji bado havijafika dukani.~~ Nimefuta. Tumemdanganya vya kutosha.

Asubuhi hii nilirudisha sufuria kwa majirani zetu Wachina. Unajua mwenzako wa kamari, Mzee Fung mpishi, alivyochukua bahasha nyekundu ya mwaka mpya ya bintiye, yenye pesa za zawadi, akaenda kuichezea. Kwao mtoto ndiye humpigia mkubwa magoti na kumpa chai. Basi leo nimemkuta yeye, mtu mzima, kapiga magoti mbele ya kile kitoto cha miaka minane, kikombe kakishika kwa mikono miwili, anaomba radhi. Mtoto akainywa chai yote, kisha akamshika baba yake mkono ainuke. Nilibaki mlangoni na sufuria yao, hata salamu imenitoka kichwani.

Hela ya viatu vya Ziada umeichezea kamari ya farasi. Sigombi. Chai imo kwenye chupa, kikombe hicho hapo. Mwanao anaamka saa mbili.

Mama Ziada