Fahali Uliyemchagua kwa Simu

Nyumbani kwa Mama,
S.L.P. 214,
9 Machi

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Mgongo unaendeleaje na baridi hiyo? Wifi na watoto wazima? Sisi tunasukuma siku. Presha ya Mama imetulia, ila hasemi sana, na sababu utaisoma.

Shemeji yetu, mume wa dada, siku hizi anaitwa Mtaalamu, na jina kalipenda kweli. Tangu umkabidhi mifugo ya Mama, anazunguka zizini na viatu vya ofisini, mikono nyuma, akifundisha watu kazi. Kondoo dume kamshindilia mahindi mpaka kanenepa kupita kiasi. Akipelekwa kwa majike anahema, kisha analala. Mtaalamu anasema dume anajipanga.

Hilo tungelicheka tu. Lakini yule fahali wa nyama, jitu zima, kampandisha kwa mitamba wawili wa Mama ambao hawajawahi kuzaa, nyonga zao bado finyu. Daktari wa mifugo alimwonya kwamba mitamba watafutiwe dume anayezalisha ndama wadogo. Mtaalamu akamjibu, "Wewe tibu kupe, mambo ya mbegu niachie mimi." Kisha miezi ya mwisho akawajaza pumba na mashudu, eti ndama atoke na nguvu. Ndama akanenepea tumboni.

Jumanne mtamba mwekundu alishikwa na uchungu. Ndama akakwama mabegani. Mtaalamu badala ya kumwita daktari akaita wanaume na kamba. Daktari alipofika, ndama alikuwa amekufa, na mtamba hakusimama tena. Mama alikaa chini kwenye samadi, kichwa cha mnyama mapajani, mpaka mtamba alipokata roho. Nililia kwa hasira.

Amebaki mweusi, wa mwisho wa uzao wa ng'ombe aliyetulea, naye yuko mbioni kuzaa. Mashudu nimemwondolea kama daktari alivyosema, na ikibidi atampasua kumtoa ndama. Hatujui kama atapona.

Sasa nikuulize, Kaka. Fahali alichaguliwa na nani? Uliletewa picha, ukajibu, "Huyo huyo mkubwa!" Hukuuliza atampanda nani. Mtaalamu ni mjinga, hilo tulilijua siku ya posa. Wewe umekulia zizini humu, sijui una udhuru gani.

Fahali nimemuuza kwa mwenye bucha. Ufunguo wa zizi ninao mimi, na Mtaalamu akikupigia simu akilia, mbembeleze mwenyewe.

Dada anakusalimu, ingawa aibu imemfungia ndani. Shangazi naye anasema usisahau dawa zake. Mungu akulinde na akuzidishie akili.

Mama nilimwuliza mara mbili kama ana salamu kwako. Alichukua ndoo, akaenda kumnywesha mweusi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata leo,
Kitindamimba