Koo la Mama Lililokungoja

Tuwan,
Kitale.
6 Septemba 2025

Ndugu yangu mpendwa Hillary,

Salamu nyingi kutoka Tuwan. Natumaini wewe, wifi Fridah na watoto mko salama huko Garissa, na joto halijawamaliza. Unakula vizuri? Unameza vizuri? Hayo ndiyo tunayoulizana hapa siku hizi. Mimi ni mzima. Barua hii nimempa Kabiru, anayesafiri huko, akuletee, maana simu zangu huzipokei.

Umeuliza kwenye kikundi cha familia ni nani aliyezembea mpaka koo la Mama likafika hapa. Nitakujibu polepole.

Februari, walipopukuchua mahindi kule nyumbani Misikhu, sauti ya Mama ilianza kukwaruza. Tukasema ni vumbi. Alisukutua maji ya chumvi, akanywa tangawizi na limau mpaka tumbo likamwaka. Duka la dawa lilimpa vidonge vya siku tano. Akala vya siku mbili, vingine akampa jirani. Sauti haikurudi.

Mume wangu Wabwile, ambaye kila siku anachungulia makoo ya watu hapa Kitale, alisema sauti ikipotea zaidi ya wiki tatu lazima mtu aangaliwe ndani. Lakini unajua mila yetu. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, sembuse kinywani. Basi alisimama nyuma ya ukuta wa jikoni akiuliza, nami nikipeleka maswali ndani. Anameza vizuri? Amekonda? Mama alijifunika leso akasema, "Mwambie niko sawa tu, bana." Alikuwa akimeza uji kwa machozi, ila aliona haya mkwe kujua. Mimi niliyaona machozi hayo, na bado nikapeleka jibu lake nje kama lilivyo. Hilo ni kosa langu na silikwepi.

Wabwile akasema basi apelekwe kwa daktari mwingine, Eldoret. Hapo ndipo ulipopiga simu. "Si tuko na daktari kwa familia? Ya nini kupeleka Mama kwa watu baki? Desemba nikikuja wasalimiane rasmi, Wabwile ampe Mama blanketi la kuondoa mwiko, alafu amwangalie." Wewe ni kifungua mimba wake, na Mama hajawahi kukukatalia kitu. Akangoja Desemba.

Ili asichoke kungoja, ukamwagiza akakatwe kimio. Mzee mmoja alikikata kile kinyama cha kooni kwa wembe, na wiki nzima Mama alitemea damu kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Nilikutumia picha. Ukajibu kwa alama ya dole gumba.

Agosti alikohoa damu tena, na safari hii hakukuwa na wembe wa kulaumiwa. Wabwile aliingia bila kumwomba mtu ruhusa. Mama alifumba macho kama mtoto anayechomwa sindano, naye akamulika tochi kwa kioo kidogo cha kooni. Alipotoka alinawa mikono muda mrefu. Vipimo vya Eldoret vilithibitisha: ni saratani, iko kwenye zoloto, pale sauti inapotokea. Daktari wa Eldoret alisema tungekuja Machi angeichoma kwa miale na huenda sauti ingebaki. Nilimweleza kwamba tulikuwa tunangoja Desemba. Hakuelewa.

Juzi Alhamisi waliitoa zoloto yote. Sasa Mama anapumulia tundu la shingoni na hatazungumza tena. Jumatano aliomba aongee nawe kabla ya kupasuliwa. Tulikupigia mara tatu, ukatuma ujumbe kwamba uko mkutanoni.

Msalimie wifi na watoto. Wabwile anakusalimu kutoka Eldoret, jana na leo asubuhi amemtazama mama mkwe usoni akimsafishia lile tundu, na hakuna aliyemdai blanketi. Mama pia anakusalimu. Ameandika kwenye daftari, kwa mkono wake: mwambie Hillary niko sawa tu.

Ulipokosa kupokea, alizungumza kwenye simu yangu, nami nikamrekodi. Ni dakika moja na nusu, na sehemu kubwa anakuita tu kwa jina lako la utotoni, anapumzika, anakuita tena. Sitakutumia. Ukitaka kuisikia njoo Eldoret, uketi kando ya kitanda na uisikilize mbele yake, akiwa anakutazama.

Mungu akuhifadhie koo lako.

Dada yako, ambaye angefurahi kama asingekupenda,
Pauline