Mkono wa Kila Mtu

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumai u mzima, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekuachia. Kwa desturi ningekuambia kwamba mimi pia sijambo, lakini leo desturi itanisamehe. Sijambo kwa mkono mmoja. Wa pili umefungwa plasta kutoka kiganjani hadi chini ya kiwiko.

Ile mashine ya kupima presha uliyonitumia nimeitumia wiki tatu, kila asubuhi, nimekaa kama ulivyonielekeza. Kila asubuhi inapandisha. Mia na sabini, mia na sabini na tano. Nikaogopa, nikaongeza kidonge cha pili juu ya kile cha daktari. Jumatano nikiinuka kutoka kwenye kigoda, macho yakaingia giza, nikajikuta sakafuni. Kliniki wakanipima kwa mashine yao: presha iko chini mno. Nesi akautazama mkanda wa mashine yako niliyokwenda nayo, akautazama mkono wangu, akataka kucheka, akaona mimi sicheki. Akasema mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha isiyokuwepo.

Nilipofika nyumbani nikachukua futi yangu. Mkanda wenu, kwa ndani, kwa herufi za sisimizi, umeandikwa mwisho wake inchi kumi na mbili na nusu. Mkono wangu ni kumi na tano. Na boksi linasema mbele, kwa herufi nyekundu: Inafaa mkono wa kila mtu. Wewe mwenyewe ulinipigia simu kunijulisha kwamba maneno hayo ni yako. Nikalikata boksi, nikalibandika ukutani pale kwenye cherehani, nikawaonyesha wateja.

Miaka thelathini na moja napima mikono ya watu. Huo mkono wa kila mtu sijawahi kukutana nao. Nataka kujua ninyi mliupima wapi.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Mama yako


11 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni kwangu, na viatu sijavua. Pole sana, Mama. Pole tena. Nimemwomba mama mdogo awe anakuja kukupikia, na tafadhali usimfukuze.

Sasa nikueleze, maana najua umekasirika na una haki. Kwenye mashine ile tuko watu wawili. Mmoja ni msimamizi wa bidhaa. Huyo ndiye anayeamua kitengenezwe nini, kimtatulie nani shida gani, kipi kifanywe sasa na kipi kingoje. Anashinda na mafundi na wapimaji. Ofisini tunamwita Rula, kwa sababu hawezi kunywa chai bila kupima kikombe. Mimi niko upande wa masoko ya bidhaa. Nakichukua kile alichokisimamia yeye, natafuta nani atakihitaji na kwa nini akichague hiki aache cha jirani. Naandika maneno ya boksi, nawafundisha wauzaji waseme nini. Kwa kifupi, yeye anajua kitu ni nini, mimi najua tukisemeje. Yeye yuko ghorofa ya tatu, mimi ya kwanza.

Kwa hiyo mambo ya inchi ni yake, Mama. Mimi naandika ninachopewa. Rula hakuniambia kwamba mkanda una mwisho. Nami nimekasirika kama wewe, kwa sababu jina langu ndilo lililo kwenye mdomo wa watu.

Kunywa dawa ya daktari tu. Hiyo mashine iweke chini ya kitanda.

Binti yako


17 Februari

Mwanangu,

Nimepokea barua yako na nimefurahi kusikia kikohozi kimekwenda. Mkono unauma usiku na kuwasha mchana. Mama yako mdogo anapika vizuri, ila chumvi anaiogopa kama deni.

Basi, kumbe umeuziwa mbuzi kwenye gunia na mtu wa ofisini kwako. Damu imenichemka. Mtu anajua kitu hakitoshi, anakaa kimya, anamwacha binti wa watu akisifu. Nimemwandikia Mkurugenzi wenu barua ya kurasa nne. Sikumung'unya maneno. Nimemwambia huyo Rula ni kinyozi anayenyoa bila kukitazama kichwa, na kwamba mwanangu hakuambiwa kitu. Nimeipeleka posta mwenyewe, na plasta yangu.

Mimi kazi yenu naielewa kuliko unavyodhani. Wakati ule mama yako mdogo alikuwa anakaa mlangoni na wateja, mimi mezani nyuma ya pazia na mkasi. Yeye alijua mteja anataka aonekane vipi, mimi nilijua kitambaa kinatosha nini. Tuligombana karibu kila siku. Lakini hakuwahi kumkubalia mteja mikono mipana bila kupenyeza kichwa kwenye pazia na kuniuliza, "Hii itatoka?" Na akirudi kuniambia wanawake wanalalamika makwapa yanabana, nilibadilisha kipimo, hata kama nilinuna. Nguo zilizorudishwa miaka yote ile ni mbili, na moja mteja alikuwa amenenepa.

Swali moja tu, na si kwa ubaya. Kabla ya kuandika kila mtu, wewe ulipanda hizo ghorofa mbili ukamuuliza?

Mama yako


29 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai plasta imetolewa na vidole vinakunja vizuri. Nisamehe kwa kimya hiki cha wiki sita. Kazi zimenielemea.

Barua yako ilifika. Mkurugenzi aliisoma yote mbele yetu kwenye chumba cha mikutano, na alipofika kwenye kinyozi watu walicheka. Mashine zote zimeondolewa madukani, na walionunua wanapigiwa simu wazirudishe. Hilo umelifanya wewe, na ujipongeze.

Rula amefukuzwa tarehe sita. Kiti chake nimepewa mimi nikishikilie, pamoja na changu.

Mama, nilidhani kazi yake ni kusema hapana. Kwenye droo yake nimekuta daftari. Ameandika mikono mia tatu na kumi na miwili, aliyoipima mwenyewe kwenye kliniki, mmoja mmoja, na pembeni ameandika kazi ya mtu: mpishi, dereva, mama mjamzito. Aliomba itengenezwe mikanda ya saizi mbili. Aliambiwa ule mpana ungoje toleo la pili. Juzi nesi mmoja alipiga simu kuuliza mkanda mpana alioahidiwa na Rula umefikia wapi, nikaandika namba yake kwenye daftari lile lile. Kazi yangu mimi huanza kitu kikiwa tayari kina jina. Yake ilikuwa inaanza kingali malalamiko ya mtu aliye kwenye foleni.

Nakuomba usimwandikie Mkurugenzi tena. Mambo yametulia.

Binti yako


4 Aprili

Mwanangu,

Mimi sijambo, plasta imetoka, mkono umesinyaa kama wa mtu mwingine. Nasukuma kitambaa polepole.

Unasema mambo yametulia. Yametulia kwa nani? Mtu aliyekwenda kupima mikono mia tatu kwa futi yake, huyo huyo ndiye aliyesahau kukutajia inchi? Mimi ni fundi wa nguo, si mjinga. Mtu wa namna hiyo humtajia inchi hata mgeni wa msiba.

Nilikuuliza swali mwezi wa pili. Umenijibu kuhusu mkutano, droo, nesi na simu. Swali langu umelizunguka kama shimo la barabarani. Nilikuzaa mimi, na nakujua unavyoandika unapoficha: sentensi zinakuwa nzuri.

Alikuambia au hakukuambia?

Mama yako


12 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sitauliza hali yako leo, nitaona kama nakuchelewesha.

Aliniambia.

Alishuka ghorofa ya kwanza na karatasi wiki moja kabla boksi halijapelekwa kuchapwa. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono: mikono ya inchi tisa hadi kumi na mbili na nusu, iandikwe mbele ya boksi. Nikamwambia hiyo itaua sentensi yangu. Nikamwambia hakuna mtu anayenunua kitu kinachoanza kwa kumwambia huenda kisimtoshe. Akasema anayenunua kisichomtosha ndiye atakayetuchukia zaidi. Tulibishana, akachoka, akasema basi iweke hata ubavuni. Nikasema nitaiweka. Akaniamini, akatia sahihi. Sikuiweka. Mbele palikuwa pamependeza, na ubavuni nilitaka picha.

Kwenye ule mkutano alisema alinipa karatasi. Mkurugenzi akanigeukia akauliza, "Unayo?" Karatasi ilikuwa kwenye mkoba wangu, Mama, kwenye mapaja yangu. Nikasema sikumbuki. Na barua yako ilikuwa mezani, inasema mwanangu hakuambiwa. Hakuna aliyebisha na barua ya mama aliyevunjika mkono. Rula alinitazama mara moja, akakusanya vitu vyake.

Sikukuandikia uongo ule kwa kupanga. Nilikuogopa wewe, basi. Halafu wewe ukaupeleka posta, na mimi nikafyata ulimi.

Binti yako


16 Aprili

Binti yangu,

Sikusalimu.

Kuna makosa mawili hapa. La boksi ni la ofisi yenu. Watu wawili wa bidhaa moja mnaachiana ahadi kwenye ngazi, na hakuna wa tatu aliyesoma boksi lilipokwisha. Hilo litengenezeni huko. La pili ni langu na lako. Ulichukua hasira yangu, ya haki kabisa, ukamchapia mtu asiye na kosa. Nimemwita kinyozi asiyetazama kichwa, kumbe yeye ndiye pekee aliyeutazama mkono wa mtu kama mimi. Nimemharibia kazi kwa kalamu yangu. Mkono uliovunjika haukuniuma hivi.

Chukua hiyo karatasi uende kwa Mkurugenzi. Usinielezee tena unavyojisikia, nenda. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nimeshalia vya kutosha mwaka huu. Usipokwenda nitaandika mimi, na barua yako ya tarehe kumi na mbili nitaiweka ndani ya bahasha hiyo hiyo.

Mama yako


2 Mei

Mama,

Shikamoo.

Nilikwenda juzi Alhamisi. Nataka ujue hilo kabla ya yote. Nilikuwa nimeandika maelezo yangu mara saba, nikiyafuta na kuyarudia, natafuta maneno yatakayosema kweli bila kujitetea. Alhamisi nikayaacha yote mezani, nikachukua karatasi ya Rula peke yake, nikapanda ngazi kwa miguu yangu bila kuitwa na mtu.

Mkurugenzi alikuwa na barua yako mkononi. Ilikuwa imefika nusu saa kabla. Hakunipa nafasi ya kufungua mdomo. Aliniambia, "Umeona maji yamefika shingoni ndipo ukaja." Nikamwambia sikujua kama umeandika. Akatabasamu, Mama, kama unavyomtabasamia mtu anayekudanganya.

Rula amerudishwa. Barua ya kumwomba radhi imebandikwa ubaoni, yenye ukubwa ule ule wa tangazo la kufukuzwa kwake. Rula mwenyewe ameagiza kuanzia sasa boksi lisomwe na wote wawili wakiwa wamekaa meza moja, na huyo atakayekuja kukaa kwenye kiti changu aende naye kliniki kupima. Ameomba inchi za mkono wako, wa kulia na wa kushoto. Mimi nimeondolewa, na silalamikii hilo, ni haki.

Ninacholalamikia ni kwamba hukuningoja. Ilikuwa ni siku moja tu. Ungengoja siku moja, ingejulikana kwamba nilikwenda mwenyewe. Sasa hakuna mtu duniani anayejua hivyo ila mimi. Ofisi nzima inaamini nililetwa na bahasha ya mama yangu. Nimefanya jambo moja la kweli katika mambo haya yote na umeninyang'anya. Nina hasira na wewe, na sijui nina haki au sina.

Wewe unaniamini?

Binti yako


8 Mei

Mwanangu,

Salamu. Natumai unakula. Mimi naendelea, na presha napimiwa kliniki.

Nilikungoja siku kumi na moja. Ungeniambia basi ngoja ya kumi na mbili, ningengoja, lakini hukuandika hata mstari. Na mwenzako alikuwa amengoja wiki saba nyumbani kwake, anaamka asubuhi hana pa kwenda, kwa maneno yangu na yako. Hakuna aliyemuuliza anahitaji siku ngapi. Wewe ulikuwa unatafuta maneno. Maneno ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Hasira yako ichukue, una haki nayo, mimi sitaigusa. Mwambie Rula kumi na tano wa kulia, na kumi na nne wa kushoto tangu plasta itoke. Na umwambie barua yangu ya kumwomba radhi inakuja, naiandika tangu juzi na haikai sawa.

Rudi nyumbani kwa sasa. Chumba chako kina vitambaa, nitavitoa. Kuna kazi ya kupokea wateja mlangoni, mama yako mdogo amechoka kusimama.

Unaniuliza kama nakuamini kwamba ulipanda zile ngazi mwenyewe. Ndiyo, nakuamini. Lakini mwaka jana usingeniuliza, na mimi nisingehitaji kukuandikia hilo.

Mama yako